Linux iliyokuwa ikiganda kila mara: kumbe ni fTPM

Alhamdulillahi, leo siku ya kumi kompyuta ya dukani kwangu, hapa Ngamiani, Tanga, haijaganda. Naandika ili mwenzangu asihangaike kama mimi.

Mashine ni ya prosesa ya AMD Ryzen, kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 6.1. Unachapa barua ya mteja, ghafla mshale wa mausi unasimama, kaswida inayopigwa inagugumia kama nusu sekunde, kisha mambo yanaendelea. Mara kadhaa kwa siku, bila mpangilio.

Nilibadilisha RAM, nikapuliza vumbi, nikasakinisha mfumo upya. Wapi!

Kilichonifungua macho ni mstari mmoja. Nilisoma faili la /sys/class/misc/hw_random/rng_current, likajibu: tpm-rng-0. Maana yake kerneli ilikuwa inachota namba nasibu (zisizotabirika) kutoka fTPM, ile inayofanya kazi ya chipu ya usalama ndani ya prosesa. Kuanzia 6.1 inachota mfululizo, na kwenye baadhi ya mashine za AMD, fTPM inapoifikia kumbukumbu yake iliyo kwenye chipu ya BIOS (programu inayoamsha mashine), mashine nzima inasubiri.

Nikapandisha kerneli hadi 6.5, ambayo haichoti tena namba nasibu kwenye fTPM za AMD. Nikawasha upya, nikalisoma faili lile: tpm-rng-0 haipo.

BIOS mpya nayo husaidia. Ila ukiamua kuizima fTPM, na ufunguo wa diski umehifadhiwa humo, tafadhali shika kwanza nywila ya akiba.