Koa wa Mnemba alivyonipa kanga

Picha za koa wa baharini nilikuwa nazo tele, nilizopiga nikizamia kwenye kisiwa cha Mnemba, Zanzibar. Kila niliyemwonyesha alisema "Mashaallah" akanirudishia simu. Nikajaribu zile programu za kugeuza picha ionekane imechorwa kwa rangi za maji. Zikanichosha upesi, koa hahitaji mtu wa kumkolezea rangi.

Aliyeniamsha ni shangazi yangu, muuza kanga Darajani. Aliishika picha ya koa mmoja mweupe, madoa ya machungwa mgongoni, ukingo wa zambarau umemzunguka mwili mzima, na duara mbili za zambarau: moja imezunguka pembe zake za kunusia, nyingine matamvua yake ya kupumulia yaliyochanua upande wa nyuma.

"Mwanangu, huyu mbona ana pindo na mji kabisa? Bado jina tu." Pindo la kanga ni ukingo wake, mji ni katikati yake, na jina ni maneno yanayoandikwa juu yake.

Wataalamu humwita Goniobranchus annulatus. Aliyemwandika kwanza, mwaka 1904, ni Charles Eliot, Mwingereza aliyekuwa Kamishna wa utawala wao Afrika Mashariki. Nafasi ya kuchunguza koa katikati ya kutawala watu aliipata wapi, Mungu anajua.

Nikarudi majini kumpiga upya. Chini ya maji wekundu ndio hufifia kwanza, na machungwa hupooza nao, kwa hiyo tochi ni lazima. Niliishika kwa mkono ulionyooshwa, imulike kutoka ubavuni; ikimulika sambamba na kamera, kila chembe ya mchanga iliyo majini inang'aa. Nikampiga kutoka juu. Wapiga picha wengi hupenda kushuka usawa wake wamtazame usoni, na kweli picha ya uso ina uhai zaidi, ila ukingo mzima huonekana kutoka juu tu.

Kwenye kompyuta nilitumia GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure. Nikapunguza rangi zote zikabaki nyeupe ya kitambaa, machungwa na zambarau, maana kila rangi inataka skrini yake ya kuchapia na kila skrini ni pesa. Vivuli vikaondoka, mng'aro wa ute ukaondoka, yakabaki madoa. Hayo sikuyapanga kwa rula. Ukiyapanga sawasawa unapata kitambaa cha pazia. Niliyafuata yalivyo mgongoni mwake, makubwa kwa madogo, mengine yamegusana.

Kazi ilikuwa pindo. Koa ni wa mviringo, kanga ina pembe nne. Nikaunyoosha ule ukingo lakini nikauachia mawimbi yake, kwa kuwa koa akitambaa ukingo hujikunjakunja. Kwenye kila kona nikaweka matamvua yamechanua, na zile duara mbili zikakaa katikati ya mji.

Fundi akachapa kwenye bafta, kitambaa cheupe cha pamba. Zambarau ilitoka nzito mno, karibu na nyeusi, tukaipunguza kwa nyeupe hadi ikakaa.

Likabaki jina. Nikamweleza shangazi kwamba koa huyu hula sifongo, sumu ya sifongo akaihifadhi mwilini mwake, na rangi zile kali ni onyo kwa samaki. Hakufikiri hata kidogo: "Andika NITAZAME, USINIGUSE." Kisha akaniuliza doti nitauza kiasi gani, maana ana wifi yake anataka kumpelekea.