Kompyuta ya mjomba ilipokuwa bubu

"Mwanangu, imekuwa bubu tena."

Hata shikamoo yangu hakuipokea. Ilikuwa alasiri, mwaka 2012, nami nilikuwa kazini kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale Ngamiani, Tanga. Sauti ya mjomba kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nikaomba ruhusa, nikapanda baiskeli, nikavuka reli kuelekea Chumbageni.

Mjomba alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Muheza, enzi za taipureta. Presha ya macho ilimchukulia nuru kidogokidogo, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto, lakini vidole havikusahau kazi. Anaweka vidole vya shahada juu ya vile vinundu viwili vya herufi F na J, basi, vingine vyote vinajua pa kukaa. Nimeshaona watu wengi wakichapa, ila sijaona mikono iliyotulia kama ile.

Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemwekea NVDA, programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, akaungana na James Teh, naye haoni. Inagawiwa bure, na sauti yake inayoitwa eSpeak inajua kusoma Kiswahili. Ni sauti kavu kama mtu anayesemea ndani ya debe, lakini mjomba aliizoea ndani ya wiki, akaanza kuandika habari za ukoo wetu: nani alitoka Pangani, nani aliolewa Mkinga, shamba lipi la minazi liliuzwa na kwa sababu gani. Alikuwa na hofu ya kufa nazo.

Programu nyingine ikilala, unaibofya inafunguka. Hii ikilala, asiyeona hana njia ya kujua ilipo, maana yenyewe ndiyo macho. Ni lazima iamke pamoja na mashine bila kuguswa. Nikaiwekea njia ya mkato kwenye folda iitwayo Startup, ambayo Windows huipitia kila inapowaka na kufungua vilivyomo. Nikajiona nimemaliza.

Kulikuwa na tatizo la uzito pia. Kompyuta ile tuliinunua mkononi, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, RAM, gigabaiti 1 tu, imejaa mizigo ya mwenyewe wa kwanza: programu ya printa asiyokuwa nayo mjomba, za kupiga soga, za kutafuta matoleo mapya ya kila kitu. Zote zilikuwa zimejiandikisha kuanza na mashine, zinasukumana mlangoni, na sauti ya mjomba ikawa ya mwisho kupita. Alikuwa akikaa gizani dakika kadhaa akisikiliza feni inavyohema. Niliandika msconfig, zana ya Windows yenye orodha ya vinavyoanza na mashine, nikaondoa tiki moja baada ya nyingine, sauti ikaanza kuja mapema. Mpaka leo huniudhi sana programu inayojiweka kwenye orodha ile bila kumuuliza mwenye mashine. Kuna mtu anayesubiri nyuma yake.

Sasa siku hiyo. Umeme ulikuwa umekatika ukarudi. Mkaza mjomba alikuwa Pangani msibani, na mtoto wa jirani bado hajajua kusoma. Mjomba akawasha kompyuta, akasikia ule mlio wa Windows, akaandika nywila yake kama kawaida, akabonyeza Enter. Kimya. Akaandika tena. Kimya. Tangu saa nne asubuhi mpaka naingia mimi, chai yake ipo pembeni, imepoa, haijaguswa.

Nikatazama skrini. Ujumbe ulisema nywila si sahihi. Kwenye kona ya kibodi, kitaa kidogo cha kijani kilikuwa kinawaka: Caps Lock. Kidole kiliigusa bahati mbaya, basi nywila nzima ikawa inaingia kwa herufi kubwa.

Hapo nikaelewa nilichokosea. Vitu vya folda ya Startup huamka mtu akishaingia. Pale penye nywila, hakuna hata kimoja kilichoamka. Nilimpa mjomba sauti ndani, nikamwacha bila sauti mlangoni.

"Mjomba, tuiondoe nywila," nikasema. "Ukiwasha tu, inaingia moja kwa moja."

Akapapasa fimbo yake, akaiegemeza ukutani taratibu.

"Wewe ya kwako umeiondoa?"

"Hapana."

"Basi."

Nikakaa na ile mashine mpaka magharibi. Windows ina programu inazoziita huduma, ambazo huanza na mfumo wenyewe kabla mtu yeyote hajaingia, na NVDA wakati ule iliweza kuwa mojawapo. Ilitaka iwe imesakinishwa kwenye mashine kwa idhini ya msimamizi, si ile nakala ya kubeba kwenye flashi. Nikabonyeza Insert na N, nikafungua mipangilio ya jumla, nikaweka tiki kwenye kipengele cha kuitumia kwenye skrini ya kuingilia. Tukawasha upya. Ikaongea! Lakini ilikuja na sauti nyingine, ya Kiingereza, mbiombio, na mjomba akarudi nyuma kwenye kiti kama aliyefunguliwa mlango na mgeni. Ile skrini ya kuingilia haikuwa na mipangilio ya mjomba. Kulikuwa na kitufe cha kuinakilisha huko. Nikakibonyeza, tukazima tena.

"Toka nje," mjomba akasema. "Niache peke yangu."

Nikakaa barazani, chini ya dirisha. Nikasikia mlio wa Windows, kisha ile sauti ya debe aliyoizoea. Akagusa Caps Lock makusudi, ikamwambia imewaka. Akaigusa tena, ikamwambia imezimika. Kisha akaanza kuandika nywila, nayo kwa kila herufi ikawa inatamka "star", nyota, ili aliye karibu asiisikie siri. Star. Star. Star. Taratibu, kidole kwa kidole.

Akanyamaza katikati.

"Mwanangu, uko hapo dirishani?"

"Nipo, mjomba."

"Usinihesabie nyota zangu."

Nikahamia upande wa pili wa baraza.