Chonge mbili za chini ndizo zilizonusuru meno yangu bandia

Meno yangu yalipoanza kutikisika, ushauri niliopewa na kila mtu hapa Masasi ulikuwa mmoja: ng'oa yote kwa mkupuo, vaa seti nzima ya bandia, upumzike. Unaniudhi mpaka leo, maana wanaoutoa hawatofautishi taya la juu na la chini. Seti ya juu inashikwa na kaakaa zima, inanata kwa mate. Ya chini inakalia ukingo mwembamba tu wa fizi, na ulimi unaisukuma kila unapomeza. Kwa hiyo kwanza tafuta meno ya chini yanayoweza kubaki yakawa nguzo.

Jino kutikisika peke yake si hukumu. Kidole kinadanganya kwa sababu ni laini. Daktari alibana kila jino katikati ya mipini ya vyuma viwili. Linalocheza pembeni chini ya milimita 1 mara nyingi linaokolewa kwa kukwangua ugaga na kutibu fizi. Linalozama ukilibonyeza, hilo ng'oa. Eksirei ilionyesha chonge zangu za chini bado zimeshikwa na mfupa mzuri, zikabaki. Pima na sukari kabla: kisukari kisichodhibitiwa hulegeza meno na kuchelewesha vidonda.

Nilitaka kungoja malipo ya mnada wa korosho. Daktari alikataa kwa magego mawili yenye usaha, maana usaha unakula mfupa uleule ambao meno bandia yatakuja kuukalia. Mengine yakasubiri korosho.

Yaling'olewa magego kwanza, ya mbele mwishoni, nikakaa miezi 3 kabla ya kupimwa. Fizi na mfupa husinyaa sana miezi ya mwanzo. Ukitengenezewa mapema yatapwaya, utalipia tena kuongezewa plastiki kwa ndani. Yangu ni ya plastiki yenye vikulabu vya waya kwenye chonge. Yalinitoka laki kadhaa, mbali na nauli.

Wiki ya kwanza kidonda kilitokea chini ya ulimi, kushoto. Jirani akanipa msasa. Nilisugua pale nilipohisi maumivu, kumbe mdomoni mahali pa maumivu hupakisii kwa kugusa. Nikapunguza plastiki nzima isiyo na kosa, ikaanza kuyumba, na kidonda kikabaki. Niliporudi nilikuwa nimeyavua siku tatu, wekundu umefifia, daktari haoni kitu. Akaniambia niyavae siku nzima, nirudi kesho yake. Safari hiyo kidonda kilionekana wazi. Alikikausha kwa pamba, akakitia nukta ya kalamu ya wino, akanivalisha meno, akayavua: nukta imehamia kwenye plastiki. Akasaga hapo tu, kiasi cha punje ya ufuta. Jioni ile nilikula samaki.

Tonge ligawe nusu mbili, utafune pande zote kwa pamoja, la sivyo upande mmoja utanyanyuka. Muhogo usiung'ate kwa meno ya mbele, ukate kwa kisu. Korosho nazitwanga.

Usiku nayavua, nayaloweka kwenye maji baridi. Ya moto hupinda plastiki. Nikiyaosha naweka beseni la maji chini, yakiponyoka yasivunjike. Kisha napiga mswaki chonge zile kwa dawa yenye floridi, hasa pale waya unapokumbatia jino, kwani chakula hujificha hapo na jino huanza kuoza.