Ufunguo wa stoo

Chuoni kwetu Tanga uwanja wa sakafu ulikuwa mmoja tu, na michezo mitatu imechorwa humo humo: mistari myeupe ya pete, ya njano ya wavu, na ya kikapu ambayo rangi ilishafutika, unaikisia tu. Ada ya michezo tulilipa wote. Ila mashindano ya vyuo yakikaribia, kuanzia saa 10 jioni uwanja ni wa timu, na mwezi wa sita saa 12 na nusu haifiki jua limeshazama. Taa hakuna. Sisi wengine tuliachiwa saa 8 mchana, sakafu inachoma hadi ndani ya raba.

Ijumaa moja tulijiandikisha kwenye daftari la mwalimu wa michezo: wavu, saa 10 hadi 11. Mwalimu huyo ndiye pia kocha wa timu ya pete, na hapo ndipo penye kasheshe. Tumeshafunga wavu, tunapasha misuli, timu ikaingia na vizibao vyao vya GS na GA, herufi za wafungaji wa pete. Kocha hakufoka. Alisema, "Jamani, hawa wanabeba jina la chuo."

Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mpole kweli darasani, akauliza, "Na ada nani anaibeba, mwalimu?"

Watu wakacheka, kocha naye akacheka, ila daftari halikufunguliwa. Na kusema haki, pete inataka uwanja mzima, mita 30.5 kwa 15.25. Wavu mita 18 kwa 9 zinatosha, hata mchangani unachezeka. Kuhama si neno. Kilichoniudhi ni kwamba alichukua na mpira wetu akaufungia stoo, eti vifaa vyote ni vya timu mpaka mashindano yaishe.

Nahodha wa pete ndiye aliyetuombea. Alimvuta kocha pembeni, akarudi na mpira umepungua upepo. Tukafunga kamba kwenye miembe miwili nyuma ya bwalo, tukacheza hadi giza. Ukiupiga, unatua kama andazi.

Timu ilipoenda mashindanoni, uwanja ukabaki mtupu wiki nzima. Tukashuka na raba zetu. Wavu uko stoo, milingoti iko stoo, na ufunguo umesafiri na kocha. Tukamwendea mlinzi.

"Wanangu," akasema, "hata fagio langu limo humo humo."