Dawa ya nyanya ilikuwa inabaki kwenye bomba la kupulizia, hivi ndo nilivyotatua

Tunalima nyanya Ilula, Iringa, na kila tukipiga dawa inabaki kwenye bomba, vijana wanaenda kumwaga mferejini, maji hayohayo watu wanamwagilia mchicha. Nikajaza maji matupu, nikapuliza eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wa kawaida, yaliyopungua nikazidisha mara 40 nikapata maji ya ekari nzima. Kumbe na nozeli, kile kichwa kinachotoa dawa, ilishalika, tundu limetanuka, inamwaga badala ya kupuliza, nikabadilisha. Siku hizi nachanganya ya kutosha tu, tunapiga asubuhi kabla upepo haujaanza, na chupa ikiisha naisuuza mara 3 palepale nachanganya, maji yake yanaingia bombani, halafu naitoboa maana kuna watu wanawekea maziwa jamani.