Zulia la mkonge na unyevu wa Tanga
Mkonge tunao Tanga tangu 1893, lakini ukiingia majumbani unakuta zulia lake limejikunja pembe na linanuka uvundo. Kosa si la zulia, ni la maji. Nyuzi za mkonge hunywa maji na kutanuka, zikikauka zinasinyaa. Kwa hiyo halipigwi deki, halilowekwi, wala haliogeshwi kwa mpira kama gari!

Dukani, pinda kona utazame mgongo: mpira uliobandikwa hapo ukipasuka au kumwaga unga, liache. Kama lina rangi, pitisha kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikichafuka, rangi hiyo itahamia sakafuni. Mahali pa zulia la mkonge ni sebuleni na chumbani. Mlangoni weka la usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, linavumilia unyevu zaidi (kumbi lenyewe huozeshwa majini miezi kabla ya kupondwa).

Chai ikimwagika usisugue. Kusugua kunachambua nyuzi, unabaki na doa lenye manyoya. Gandamiza kitambaa cheupe kikavu kutoka ukingoni kwenda katikati, badilisha upande mpaka kitoke safi, halafu washa feni hapo hapo. Magadi na dawa ya kung'arishia nguo usiguse, zinaharibu rangi.

Mchanga nao hukata nyuzi kimyakimya. Kila wiki ligeuze, lipige mgongoni, ufagie kufuata mistari ya ufumaji.

Masika, funua uone chini. Madoa ya kijivu ni kuvu: lianike barazani, kivulini penye upepo, ukaushe na sakafu kabla ya kulirudisha. Juani litapauka.