Ruta tatu, chaneli moja

Wiki mbili nzima wageni wa gesti yetu hapa Kisumu wamekuwa wakinilalamikia: "Waifai imejaa lakini hakuna kinachofunguka." Nami kwa ujanja wangu nikanunua ruta ya tatu. Mambo yakazidi kuharibika!

Jumapili nikapanda ngazi, simu mkononi, nimefungua programu ya kupima mawimbi. Loo! Zote tatu ziko chaneli 6, yaani njia moja ile ile ya mawimbi, zinapigiana kelele kama makanga wa Kondele. Kwenye gigahezi 2.4, masafa ambayo waifai nyingi hutumia, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, basi nikazigawa: chini 1, katikati 6, juu 11. Nguvu ya mawimbi nikapunguza pia, maana simu zilikuwa zinang'ang'ania ruta ya chini hata mtu akiwa kalala ghorofa ya pili. Jina na paswadi ni sawa kote. Kugawa anwani za IP, zile namba za kutambulisha kila simu kwenye mtandao, nimeiachia ruta moja. Hizo nyingine zinapitisha tu intaneti inayotoka kwake, kwa kebo.

Kebo ya juu panya walishaionja. Nimeifunga selotepu, msiniulize.

Jana mgeni wa chumba namba 7 amepiga simu ya video kutoka ngazini hadi kitandani bila kukatika. Hata asante hakusema, ameuliza tu chai iko wapi.